Game Overi, Ndugu Yetu Upande wa Bibi

Enzi zetu adui wa gemu alikuwa hana maneno. Alikupiga, akacheka, basi. Hakukusimulia kwamba mama yake alimkimbia akiwa na miaka mitatu, hakukuonyesha kaburi la mbwa wake, wala hakukuomba umwelewe. Siku hizi namwona mwanangu Brayani na simu yake, adui amemkaba stelingi shingoni, na badala ya kumalizia kazi anaanza kueleza historia ya maisha yake mpaka chai mezani inapoa na kuota utando. Kisha wanalia wote wawili. Mimi niliyelelewa na maadui wa banda la gemu la Matogoro nakaa pembeni nasikitika. Huyo si adui, huyo ni mtu aliyekuja msibani.

Wenzangu mliokulia Songea kabla simu hazijaanza kupapaswa mtakubali kwamba banda la gemu lilikuwa chuo. La kwetu liliegemea mashine ya kusaga, bati kwa bati, kiasi kwamba mashine ikiunguruma televisheni nayo inatetemeka. Ilikuwa televisheni ya kichogo, na kichogo chenyewe kirefu hata nadhani mwisho wake ulikuwa Namtumbo. Vumbi la unga lilipenya kwenye matundu likatua juu ya kioo, hivyo maadui wote tuliwaona ndani ya ukungu, kama milima ya Matogoro asubuhi ya mwezi wa sita. Pedi za kuchezea zilikuwa mbili. Moja nzima, na nyingine kitufe chake cha kurukia kilikuwa kifuniko cha dawa ya meno. Mle ndani kulinuka dizeli, pumba na miguu ya watoto waliotoka kwenye tope, na mpaka leo nikipita karibu na mashine yoyote ya kusaga vidole gumba vyangu vinaanza kucheza vyenyewe.

Msimamizi alikuwa kijana mmoja akiitwa Fidelis, mrefu hata akisimama wima kichwa kinasukuma bati. Alikuwa amemaliza darasa la saba, kwa hiyo alikuwa msomi wetu wa mambo yote, kuanzia umeme hadi maisha baada ya kifo. Ukikosa shilingi alipokea chochote kinacholiwa: hindi la kuchoma, kiazi, kipande cha muwa. Msimu wa masuku, yale matunda ya porini, ulipofika alipokea masuku mpaka tumbo likamshinda, banda likafungwa siku mbili. Tuliomboleza. Kuna mtoto alikataa kula.

CD zenyewe zilikuwa za kudurufu, na maandishi yake ya huko mbali, tukiyaona kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Hatukujua adui gani anaitwa nani. Kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe, kila mmoja kwa tabia yake.

Kulikuwa na Bwana Afya. Huyu alikuwa mfupi mwenye tumbo na funguo nyingi kiunoni, na sifa yake ni kutokea pale tu unapojisikia salama. Umemaliza hatari zote, umefika penye maua na ndege wanaimba, unashusha pumzi, unasikia funguo: chaka, chaka, chaka. Tulimpa jina hilo kwa sababu bwana afya wa kwetu naye alikuwa na kipaji hicho hicho. Mnaweza kufagia choo mwezi mzima asije, mkakosa siku moja tu, mnasikia baiskeli yake. Hakuna adui wa sasa mwenye moto mdomoni na mabawa saba anayenitisha kama mlio wa zile funguo.

Na kulikuwa na Shangazi. Shangazi alivaa nguo nyekundu ndefu, akakaa kwenye kiti mwisho wa jumba lake anakula zabibu. Hakunyanyua mkono. Alituma watu wake wakupige, na wewe ukishawamaliza wote, umebaki na tone moja la uhai, anajifuta midomo polepole na kusimama. Huo ndio ushangazi. Anafika sherehe imekwisha kupikwa, anaonja, anasema chumvi. Nilimchukia Shangazi kwa moyo wangu wote, na nilitamani sana kuwa yeye nikikua.

Lakini hao wote walikuwa vibarua tu mbele ya Game Overi.

Game Overi alikuwa na mabega kama milango miwili ya kanisa, ndevu zilizosukwa mikia miwili, na jino moja la fedha. Alikuwa anakaa mwisho kabisa wa gemu, ambako hakuna mtoto wa Matogoro aliyewahi kufika akatoka salama. Kilichomfanya asisahaulike ni kwamba alijisifu kwa kila kitu. Ukipigwa naye, anatokea. Ukipigwa na vijana wake, anatokea yeye. Ukitumbukia shimoni kwa uzembe wako mwenyewe, wakati yeye yuko mbali na wala hana habari, anatokea pia, amekunja mikono, uso umejaa kioo kizima, anacheka mara tatu kuanzia mabegani. Kama diwani kwenye uzinduzi wa kisima asichokichimba. Na chini ya uso wake, kwa herufi kubwa za kizungu ambazo gemu nyingine hazikuwa nazo, jina lake: GAME OVER.

Wewe uliyesoma usicheke kwanza. Jiweke mahali petu. Neno gemu tulilijua kwa masikio, hatukuwahi kuliona limeandikwa. Na picha ya mtu mzito, yenye maandishi chini yake, tuliijua kutoka ofisi ya kata: juu sura, chini jina. Fidelis alisimama mbele ya kioo, akakohoa kidogo kama msomaji wa somo la kwanza kanisani, akasoma herufi kwa herufi: "Ga-me. O-ve-ri." Nani angembishia? Tangu siku hiyo watoto wakikutana njiani wakitoka bandani waliulizana, "Umefika wapi?" na jibu lilikuwa, "Game Overi kanipiga."

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kike, na nilikuwa naishi kwa Bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Namtumbo wanalima tumbaku, na Baba alinikabidhi kwa Bibi nisome Matogoro kwa sharti moja alilolitamka mbele yetu sote: "Mama, siku ukiniambia Skola amekushinda, namchukua siku hiyo hiyo." Kuchukuliwa maana yake nilikuwa naijua. Ni kutunga majani ya tumbaku kwenye kamba mpaka vidole vinakuwa vyeusi na vinanata hata ukimsalimia mtu anabaki na wewe. Ni kuacha shule yangu. Ni kuacha banda. Na ni kumwacha Bibi peke yake na kikohozi chake, hilo nililiweka mwisho kwa sababu nilikuwa mtoto, lakini usiku ndilo lililokuwa la kwanza.

Kila Jumamosi Bibi alinipa debe la mahindi niende mashineni. Pale mashineni watu hawakupanga foleni, madebe ndiyo yalipanga. Unaweka debe lako nyuma ya debe la mwenzio, na debe linakulindia nafasi kwa uaminifu kuliko binadamu. Basi debe langu likawa linapanga foleni, mimi niko upande wa pili wa bati napigwa. Nikirudi jioni nasema, "Bibi, foleni ya leo, hata sijui nisemeje." Bibi ananipa pole na kipande cha kiazi. Kwa mahesabu ya foleni nilizomsimulia, Songea nzima ilikuwa inasaga unga wa kulisha dunia.

Siku niliyoharibikiwa ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Baba kuja kututembelea. Nilikuwa nimerudi na unga wangu, nimekaa nyuma ya jiko namlisha mbuzi maganda, na kwa uchungu nikamweleza mbuzi mambo ya siku hiyo. "Leo Game Overi kanipiga mara tano," nikamwambia. "Mara ya mwisho kanipiga nimeshachoka kabisa. Na akanicheka."

Bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta anachagua maharage. Nikasikia ungo umewekwa chini.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, Bibi."

"Lete mkono."

Akakiona kidole gumba, kimevimba na kuota sugu. Bibi yangu alikuwa mtu wa utani, siku zote akiniita mke mwenza. Siku hiyo hakuniita chochote. Alijifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akachukua mwiko wa ugali, ule mkubwa wa shughuli, akasema, "Tangulia."

Nataka kuwaambia kwamba kutoka kwetu hadi bandani ni mwendo wa dakika kumi, na katika dakika hizo nilizeeka miaka arobaini. Sikuwa na njia. Nikisema Game Overi ni mtu wa kwenye televisheni, nimejitaja mwenyewe kwamba hakuna foleni. Nikinyamaza, Bibi anaenda kumpiga Fidelis. Nikanyamaza. Fidelis alikuwa mrefu, angevumilia.

Bibi aliingia mle ndani akiinama. Wavulana wote wakasimama.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Game Overi ni nani hapa?"

Upande wa pili mashine inaunguruma. Bibi akazungusha mwiko polepole kutoka uso hadi uso, ukaishia kwa Fidelis.

"Wewe mrefu. Ni wewe?"

"Si mimi, Bibi," akasema Fidelis, na kwa woga akaelekeza midomo kwenye televisheni. "Yumo humo."

"Anatoka saa ngapi?"

"Hatoki, Bibi. Lakini ukitaka kumwona, huyu mtoto akifa tu anakuja."

Bibi akaketi kwenye benchi, mwiko magotini, kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Mtoto aliyeshika pedi alijiua haraka sana kwa heshima. Na Game Overi akatokea, mabega, ndevu, jino, mikono imekunjwa. Akacheka mara tatu.

"Ananicheka mimi?"

"Anamcheka kila mtu, Bibi," nikasema.

Bibi akasogea karibu na kioo, akafuta unga kwa ncha ya kitenge. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye masomo ya watu wazima, na alisoma kila kitu kwa sauti ya kitabu cha nyimbo. "Ga... ma..."

"Ga-me, Bibi," Fidelis akamsahihisha.

"Nyamaza wewe. Aliyeandika amekosea. Hapa Songea hakuna ukoo wa Game. Huyu ni Gama." Akarudi nyuma hatua moja, akamwangalia upya, kuanzia ndevu mpaka mabega. "Gama Overi. Hilo jina la ubatizo silijui, lakini mapadri wale walitugawia majina ya kila aina."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo moja. Bibi yangu mwenyewe alizaliwa Gama.

Alimsema, jamani. Nimewahi kuona watu wakisemwa, mimi mwenyewe nimesemwa na walimu wenye vyeti, lakini sijaona tena usemaji kama ule. Alimuuliza ni Gama wa wapi, baba yake nani, na kama huko kwao mtu mzima anapigana na watoto wa mashineni. Alimwambia mtoto anayempiga ni mjukuu wa dada yake. Alimuuliza kama hiyo mikono aliyoikunja haijui kushika jembe. Kila alipoingiza swali, Game Overi alicheka mara tatu, na Bibi alichukulia kwamba ni dharau, akaongeza. Wavulana walikuwa wameinamisha vichwa kama vile ni wao wanaosemwa. Mwenye mashine alizima injini aje asikilize.

Alipochoka akanigeukia. "Shika hicho kidude. Nionyeshe anavyokupiga."

Sijawahi kucheza kama siku ile. Nilimpita mlinzi wa daraja, nikayaruka mashimo yote, vijana wake walianguka kama mahindi mbele ya nyani. Kwa mara ya kwanza nikafika chumbani kwake mwenyewe, mlango ukafunguka, banda zima likashusha sauti. Nikampiga mara mbili. Mara mbili, na wapo mashahidi, ingawa siku hizi ukiwauliza wanasema ilikuwa mara moja. Kisha kitufe cha dawa ya meno kikachomoka, kikaingia chini ya benchi, na Game Overi akanimaliza bila haraka. Akatokea, akakunja mikono.

"Twende," Bibi akasema.

Njiani alitangulia yeye na mwiko wake mpaka tulipoliona paa la nyumba yetu, akanigeukia.

"Ulikuwa unaniambia foleni."

"Ndiyo, Bibi."

"Kesho baba yako anakuja."

Basi. Huo ndio ulikuwa usaili wote. Jioni ile dagaa wa Nyasa walikuwa na nazi, na sikuweza kumeza hata kichwa kimoja. Nikakunja nguo zangu mbili nikaziweka kwenye mfuko kabisa, ili kesho nisimpe Baba kazi ya kunisubiri.

Baba alifika baada ya misa, ananuka tumbaku na barabara. Akamwamkia Bibi, akapewa togwa, akaeleza habari za shamba, na mimi niko mlangoni na mfuko wangu nyuma ya mgongo. Mwisho akafuta mdomo akauliza lile nililokuwa nalingoja.

"Na huyu Skola, Mama? Hajakushinda?"

Bibi alikuwa anatoa kokoto kwenye mchele, akaitoa moja, akaikagua, akaitupa.

"Skola hana tatizo. Tatizo ni mjomba wako mmoja pale mashineni. Gama."

"Gama yupi?"

"Humjui. Amekuja juzi juzi. Anawasumbua watoto."

"Nikamsalimie?"

"Hasalimiki. Nimeshamsema, yamekwisha."

Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko kuhusu wajomba wa siku hizi, akanywa togwa yake. Mimi nikaenda nyuma ya jiko nikamkumbatia mbuzi, ambaye hakuelewa kitu.

Siku ile ile Baba alipoondoka Bibi akanipa sharti. Kuanzia sasa mashineni tunakwenda wote. Debe likishasagwa, si kabla, naingia bandani, yeye anakaa nje kwenye jiwe. Nacheza mara moja. "Akitokea kaka yangu akikunja mikono," akasema, "unaaga watu, unatoka, tunakwenda kupika. Usimbishie. Ni mkubwa wako." Na ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipomaliza la saba. Kila Jumamosi kile kicheko kikisikika mara tatu, Bibi aliinuka kwenye jiwe lake, akaita, "Mke mwenza, shemeji kasema." Mtoto mwingine angeona aibu. Mimi nilijikuta nina ndugu maarufu. Wavulana walinipisha kwenye benchi.

Miaka ikapita, nikaolewa Ruhuwiko, nikazaa, nikarudi darasani kwa masomo ya jioni nikiwa na Brayani mgongoni. Jioni moja mwalimu wa Kiingereza, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumtuma chumvi, akaandika ubaoni GAME OVER. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mwalimu, huyo namfahamu. Ni upande wa bibi yangu."

Darasa likamgeukia mwalimu, mwalimu akakigeukia kitabu. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba hilo si jina la mtu. Linatamkwa gemu ova. Maana yake mchezo umekwisha. Nilicheka mpaka Brayani akaamka, nikatolewa nje, na huko nje nikaendelea kucheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Matogoro kumpelekea Bibi habari. Alikuwa amezeeka sana, amekaa kwenye jua la asubuhi na blanketi magotini. Nikamwambia yote: si Gama, si Overi, si ndugu yetu. Ni maneno tu ya kizungu, mchezo umekwisha. Nilidhani atacheka. Akafikiri kwanza.

"Kwa hiyo," akasema, "kila siku alikuwa anatokea, anakunja mikono, anawaambia watoto mchezo umekwisha, nendeni nyumbani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na nyie mkamwita adui." Akavuta blanketi. "Mle ndani yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Nilijua tu huyo ni Gama."

Bibi amelala Matogoro sasa. Banda limekuwa duka la vocha, na Fidelis, nasikia, ana mvi na bado anainama akiingia kila mlango. Maadui wa leo ni wazuri, siwezi kukataa. Wana nywele zinazopeperuka, wana machozi, wana muziki wao. Lakini gemu zao hazina mwisho. Nimekaa na Brayani nikaangalia: akishindwa wanampa uhai mwingine, akichoka wanampa zawadi ili arudi, akizima simu inamwita yenyewe. Kote huko nimetafuta mtu wa kumkunjia mikono, hayupo.

Juzi ugali ulikuwa tayari, nikamwita mara tatu, hakusikia. Nikaenda nikasimama mlangoni mwa chumba chake. Nikakunja mikono. Nikacheka mara tatu, kuanzia mabegani.

"Game Overi," nikasema.

Akainua uso kutoka kwenye simu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ndio nani huyo, Mama?"

"Njoo mezani," nikamwambia. "Ni ndugu yako, na hujawahi hata kumwamkia."